Mfuniko Mpya wa Tangi

Kila jioni, jua likishapunguza ukali, baba yangu hutoka ndani akipapasa ukuta, hufungua mlango wa pikapu yake, huketi nyuma ya usukani na kuwasha redio. Haendi popote. Macho yake yameingia ukungu na daktari amemkataza kuendesha. Alitii bila ubishi, kwa sharti moja ambalo hakulitamka lakini sote tulilielewa: pikapu ibaki pale ilipo, ubavuni mwa nyumba yetu ya mtaa wa Kikuyu, mjini kwetu Ugogoni, chini ya mwarobaini. Humo husikiliza taarifa ya habari, kisha mpira, mkono mmoja ukiwa juu ya gia. Timu yake ikielekea kufungwa, hukanyaga breki.

Mama naye ana mpango wake na hapo chini ya mwarobaini. Anataka kujenga banda la kuku, na kwa maoni yake kivuli kile kinapotea bure kwa kufunika chuma. "Kuku hutaga," husema. "Hilo linataga nini? Oili." Na ni kweli, asubuhi huwa kuna doa jipya la oili kwenye vumbi, na mama huja kulitazama kama mtu anayekagua kiota.

Kati ya hao wawili niko mimi, ninayeendesha.

Inabidi niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo yaliyofuata hayataeleweka. Mimi ni mtu anayefunga kufuli, akatembea hadi barabarani, kisha akarudi kulivuta aone kama kweli limefunga. Kazini, kwenye masijala ya wizara moja huko Mtumba, najulikana kwa kunyoosha majalada ya wenzangu wanapokwenda kula. Nikiandika ujumbe wa simu naufuta na kuuandika upya, hata kama ni neno "sawa". Mama anasema nilizaliwa nikikagua kucha za mkunga. Naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyoka, na gari kuukuu, kwa mtu kama mimi, ama ni adhabu ama ni dawa. Sijaamua bado.

Ufundi nilijifundisha. Kilikuwepo kitabu cha gari kwenye droo, lakini kilikosa kurasa zile zile nilizozihitaji, kwa hiyo nikahamia kwenye video za simu. Niliowapenda zaidi ni wanaume wa nchi za mbali, wamechuchumaa mchangani, wanaongea lugha ambayo sijui hata salamu yake, huku wakifungua injini ya lori kama wanamenya viazi. Maneno yao sikuyaelewa, mikono yao niliielewa. Baba hakuweza kuniona nikifanya kazi, lakini alikaa kwenye kigoda karibu na tairi akisikiliza. "Hiyo spana imeteleza," angesema. Au: "Usikaze kwa hasira."

Kila nati niliyoifungua niliiosha kwa mafuta ya taa na kuipanga kwenye sinia, kubwa kulia, ndogo kushoto. Sinia lilikuwa la mama.

"Leo tunakula nati?" aliuliza siku moja, amesimama na sufuria ya wali mkononi.

Siku nilipobadilisha mkanda wa feni peke yangu na injini ikawaka, nilizunguka ile pikapu nikiipigapiga ubavuni kama ng'ombe aliyezaa salama. Sikutaka hata kunawa mikono. Nilikwenda kanisani Jumapili nikiwa na grisi chini ya kucha na nikaimba sauti ya juu kuliko kawaida.

Kitu kimoja tu kilinishinda kuvumilia. Tangi la mafuta lilizibwa kwa gunzi.

Mfuniko wa asili ulipotea zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi, na baba alipofika Haneti kwa mama yake akiwa na tundu wazi, bibi alifanya lile ambalo mtu yeyote wa kwetu angelifanya kwa kibuyu cha maziwa: alichukua gunzi la mahindi, akalizungushia kipande cha khanga iliyochakaa, akalichomeka. Lilikuwa la muda. Gunzi hilo la muda lilidumu mpaka mimi nikaota meno ya utu uzima, nikasoma, nikaajiriwa. Kila baada ya mavuno bibi alituma jingine jipya pamoja na karanga. Nyumbani hakuna aliyeliona kama kioja.

Kioja kilikuwa Mtumba. Hebu fikiria maegesho ya wizara, magari meupe yamepangana yanang'aa, na katikati yao pikapu ya rangi ambayo zamani ilikuwa bluu, na ubavuni mwake limechomoza gunzi limevaa khanga. Siku moja kwenye sheli kijana wa mafuta alilichomoa kwa vidole viwili, akaliinua juu watu wote walione.

"Dada, hili nalo niliweke wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Nilitamani kuingia ndani ya tangi.

Ikaja sikukuu iliyoungana na mwisho wa wiki, nikaamua kuifanyia pikapu usafi ambao haujawahi kuonekana. Nilibadilisha chujio la mafuta. Nilibadilisha mipira yote ya mafuta na vibanio vyake. Nilisafisha tangi. Nilikwangua vichwa vya betri mpaka vikameremeta. Na mwisho, kama mtu anayemvika bwana harusi kofia, nikafunga mfuniko mpya wa tangi: mweusi, mzito, wa kuzungusha, wenye mpira mnene ndani yake. Ulikazika mpaka ukalia *kak*. Asubuhi niliufuta kwa kitambaa kabla ya kuondoka. Na kila nilipoufungua baada ya safari ulitoa pumzi ndefu, *fsss*, nami nilisema moyoni: huu ndio ubora. Haupitishi hata hewa.

Wiki hiyo hiyo pikapu ikaanza kuzima.

Ilikuwa ikitembea vizuri, halafu njiani kuelekea Mtumba inaanza kulegea, inakohoa, inanyamaza. Nashuka. Nafungua boneti. Nafungua mfuniko, *fsss*, nachovya kijiti changu kupima mafuta, kwa sababu mshale wa mafuta kwenye deshibodi ulikufa kabla sijajua kusoma. Mafuta yapo. Nafunga. Nabonyeza pampu ya mkono juu ya chujio mpaka inakuwa ngumu, nawasha, inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Inakwenda. Halafu mbele huko inakohoa tena.

Nilishuku kila nilichokigusa. Nilifungua upya chujio, nikalirudisha la zamani, nikalitoa tena. Nilikaza vibanio mpaka vikanikata kidole. Nilitoa hewa kwenye mabomba mpaka hewa yenyewe ikachoka. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa tahadhari, nilianza kujaza tangi mpaka juu kabla ya kuondoka, nisije nikaongeza tatizo la kuishiwa mafuta. Ikawa inazima mapema zaidi. Kitu ambacho sikukishuku hata mara moja ni mfuniko. Kile ulichokifanya kwa ustadi kuliko vyote hukifungulii kesi.

Baba alisikiliza injini, akasema, "Inakufa kwa kiu." Nikamwonyesha kijiti kilicholowa mafuta. Akakipapasa, akanirudishia.

Hayo yote yalitokea dada yangu akiwa anakaribia kuolewa. Bibi alipaswa kuja kutoka Haneti, na bibi alikuwa ametuma neno: magoti yake hayapandi basi, na gari la kukodi halitaki, haliamini, atakuja kwa gari la mwanawe au haji. Tulikuwa tunakula mama alipolitoa lililokuwa moyoni.

"Haya. Ijumaa nenda kamlete bibi yako kwa hilo gari lenu," akaniambia. "Ukimfikisha hapa kabla jua halijazama bila gari kuzima, libaki, sitalisema tena mpaka nife. Likizima njiani na mama mkwe wangu akiwemo, Jumatatu namwita mtu wa vyuma chakavu."

"Mama, tafadhali..."

"Sijakasirika. Nataka kuku."

Baba aliisogeza sahani yake pembeni. Aliinuka, akatoka nje akipapasa ukuta, tukasikia mlango wa pikapu ukifunguliwa. Redio haikuwaka. Alikaa tu humo, na mimi nikashindwa kumaliza ugali wangu.

Wiki hiyo niliijaribu kila siku baada ya kazi, kwenye njia ya Haneti. Ilizima kila siku.

Sasa lazima nimlete jirani yetu, maana bila yeye hadithi hii ingeishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Ni mzee wa Kinyamwezi, mstaafu wa reli, na sisi ni Wagogo, kwa hiyo ni mtani wetu kamili. Wanyamwezi walipita nchini kwetu zamani na mizigo ya misafara kichwani, na wazee wetu, ambao hawakuwa na mvua lakini walikuwa na visima, waliwatoza ushuru wa kupita na wa maji. Hongo, waliuita hivyo wakati neno hilo halijawa na aibu. Ugomvi wa visima ulikwisha, ukabaki utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wageni, na kwenye msiba au harusi yako anaweza kuchukua mali yako na kuishika mateka mpaka uikomboe. Huruhusiwi kukasirika. Kwa mtu wa wasiwasi kama mimi, hiyo ndiyo sheria ngumu kuliko zote za Tanzania.

"Shikamoo, mtani," nilimwamkia asubuhi.

"Marahaba. Limeamka leo, jeneza la Wagogo?"

"Limeamka."

"Mimi miaka yangu yote kwenye treni, haijazima njiani kwa kuchoka. Ninyi gari lenu linapumzika kama mama mjamzito."

"Babu zako walitembea kwa miguu hapa hapa wakituomba maji. Leo umepata ulimi wa kucheka gari?"

"Ahaa! Umejibu. Basi mtoto mzima."

Ijumaa ikafika. Uwanja ulikuwa umejaa shangazi zangu waliokuja kupika, masufuria yamepangwa, moshi na vicheko. Ulikuwa upepo ule wa kipupwe unaoinua vumbi jekundu na kulitupa kwenye kila kilichooshwa. Mimi nilikuwa chini ya boneti, nakagua maji, oili, mkanda, narudia maji. Niliposimama wima nikasikia vigelegele nyuma yangu.

Mtani alikuwa amesimama juu ya tofali, kofia yake ya reli kichwani. Mkononi ameinua mfuniko wangu wa tangi.

"Mateka!" akapaza sauti. "Nimeteka mali ya Wagogo!"

Shangazi wakamjibu kwa vigelegele tena. Hawana huruma.

"Mtani, siyo leo," nilisema. "Nakwenda Haneti. Naomba."

"Harusi ni kesho; mateka nimteke lini kama siyo leo? Babu zako walimtoza babu yangu kila kisima, kuanzia huko Mpwapwa mpaka akatoka nchini kwenu. Leo anayepita ni wewe. Nadai hongo ya babu yangu."

"Chukua kitu kingine! Chukua jeki. Chukua tairi la akiba."

"Tairi lako halina hata nywele. Huu ndio nimekuona ukiufuta kila asubuhi kama sahani ya mgeni. Mtani hachukui usichokipenda." Akauweka kifuani, akaufunika kwa mkono. "Jogoo. Jogoo mkubwa, wa kienyeji, anayejua kuwika. Ukimleta, mateka anarudi."

Nilimgeukia mama kwa macho ya kuomba msaada. Alikuwa anachambua mchele.

"Usinitazame mimi," alisema. "Utani ni utani. Na jua linatembea."

Nilihisi machozi yanakuja, machozi ya hasira, na hasira hairuhusiwi. Vumbi lote hili litaingia kwenye tangi! Mafuta yatamwagika kwenye makorongo! Nilikuwa nimeandaa kila kitu, nimekaza kila kitu, na sasa safari ambayo ingeamua kila kitu inaanza na tundu wazi.

Baba akapita kati ya shangazi taratibu, akafika kwenye mlango wa pikapu, akainama nyuma ya kiti. Alipoinuka alikuwa na gunzi mkononi, lile la zamani, na kipande chake cha khanga kilichofifia.

"Ulilihifadhi?" nikamuuliza.

"Lilikuwa limenikosea nini?"

Akalipapasa tundu la tangi kwa kidole gumba, akachomeka, akalisukuma kwa kiganja. Halikulia *kak*. Halikulia chochote.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Usikaze kwa hasira."

Nikaondoka na mikono yote miwili kwenye usukani kama mtu anayefanya mtihani. Nilizima redio ili nisikie. Mji ukaisha, nikafika ule mteremko ambao baada yake, wiki nzima, injini ilikuwa ikianza kulegea. Nikabana pumzi. Injini ikaendelea kunguruma. Nikaachia pumzi, nikaibana tena. Nikapita kilima ambapo ilizima Jumatano. Nikapita mti wa mgunga ambapo ilizima Alhamisi, ambapo wachunga ng'ombe wawili walikuwa wameniuliza kama nauza gari au nauza mahali pa kukaa. Haikukohoa.

Watu wenye raha watafikiri nilifurahi. Mwenye wasiwasi haogopi ubaya peke yake; uzuri pia humtisha, kwa sababu hajui utakatika wapi. Kadiri ilivyokwenda vizuri ndivyo nilivyozidi kutoka jasho. Niliacha lami, nikaingia njia ya vumbi, mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa pande zote, mabua yamelala. Nikavuka korongo la mchanga kwa gia ndogo nikiiombea pikapu kwa sauti. Na nikafika kwa bibi bila kushuka hata mara moja kufungua boneti, nikiwa nimechoka kuliko kama ningeisukuma.

Bibi alikuwa tayari ameketi nje kwenye mkeka, amevaa, mizigo imemzunguka: mfuko wa karanga, mlenda mkavu, ubuyu, na mbuzi dume mwenye sura ya kutoridhika.

"Mbukwa, bibi," nilimwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mke mwenzangu." Bibi hunijumlisha kwenye ndoa yake na marehemu babu tangu nilipozaliwa. "Umechelewa. Mume wetu angekuwa hai angekurudisha kwenu."

"Angekurudisha wewe kwanza, magoti yako yanalia kuliko breki zangu."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaizunguka pikapu kwa fimbo yake, akasimama kwenye tangi.

"Hili ni la mavuno ya mwaka jana," akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole. "Limekwisha. Kwa nini hukuniambia? La mwaka huu nililituma, mkalitupa?"

Sikumwambia kwamba la mwaka huu niliwashia jiko. Alikwisha kwenda kwenye rundo la magunzi kando ya jiko, akachagua, akapima kwa jicho, akachana ukingo wa khanga kuukuu. Mimi nikachomoa gunzi la zamani ili nimpishe.

Nikasubiri.

Sikujua nasubiri nini mpaka nilipokikosa. Mkono wangu ulikuwa umezoea sauti. Kila nilipofungua tangi wiki zile zote, mfuniko ulivuta pumzi, *fsss*. Sasa nimetoka safari ndefu kuliko zote, nimefungua, na kimya. Nyuki amepita. Mbuzi amekohoa. Hakuna *fsss*.

Nikaketi kwenye mchanga.

Nilikumbuka tulivyokuwa watoto, tukinywa maji kwenye chupa ya plastiki huku midomo imeziba mdomo wote wa chupa. Unavuta, unavuta, mbavu za chupa zinaingia ndani, halafu maji hayaji tena, mpaka uachie midomo na chupa ivute hewa: *fsss*. Injini yangu ilikuwa ikinywa. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Na mimi, kwa mikono yangu, kwa mfuniko wa mpira mnene, niliizibia. Kila ilipozima nilifungua tangi ili nipime mafuta, hewa ikaingia, nikafunga, ikawaka, nikaipongeza pampu ya mkono. Nilipojaza tangi mpaka juu niliipunguzia hata ile hewa kidogo iliyokuwa nayo. Baba alisema inakufa kwa kiu. Nikamwonyesha kijiti.

Nilianza kucheka. Nilicheka peke yangu mchangani huku nimekumbatia gunzi, mpaka bibi akaacha kazi yake.

"Hujala," aliamua. Akaniletea kiporo cha ugali wa uwele na mlenda, akanisimamia mpaka nikamaliza.

Nikiwa nakula nilihisi kitu kigeni kifuani, nikakitafuta jina. Ilikuwa nafuu. Nimeishi nikiamini kwamba vitu huharibika kwa sababu sijakaza vya kutosha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna vinavyoharibika kwa kukazwa.

Safari ya kurudi niliwasha redio. Bibi alikaa mbele na fimbo yake, mbuzi nyuma akitoa maoni kila tulipopita shimo. Bibi aliimba, akasinzia, akaamka, akauliza kama tumefika, akanilaumu kwa kutoolewa, akasinzia tena. Pale kwenye mgunga wale wachunga ng'ombe walinyanyua fimbo zao kunishangilia. Nikapiga honi. Kwenye ule mteremko nilisahau kubana pumzi. Niliukumbuka nilipokwisha kuupita.

Baba alikuwa amesimama barabarani, mbali kidogo na nyumbani, mkono mmoja kwenye ukuta wa jirani. Hakutuona tukija, alitusikia. Niliposimama kumchukua akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Haijakohoa," alisema.

"Haijakohoa."

"Naijua. Ingekuwa imekohoa ningeisikia inavyoona aibu."

Mama alitoka na ungo mkononi. Alimpokea mama mkwe wake kwa heshima zote, kwa kupiga magoti, kwa vigelegele, kisha akainua uso upande wa magharibi, akanyoosha mkono, akapima jua kwa vidole kama wanavyopima watu wa shamba. Lilikuwa bado linaonekana juu ya paa la mtani.

"Halikuzima?" aliniuliza.

"Muulize mama mkwe wako."

"Halikuzima," alisema bibi. "Aliyekuwa anazima ni mimi."

Mama akaitazama pikapu, akautazama mwarobaini. Halafu akapeleka ungo jikoni, akarudi, akaanza kupiga hatua kando ya ukuta wa upande wa pili wa nyumba, ule wenye jua kali, akiweka kijiwe hapa na kijiwe pale. Banda. Kutoka kwenye pikapu redio ikaanza kutangaza mpira.

Harusi ilikuwa nzuri, na ningeweza kuandika juu yake, lakini nilikuwa namwangalia mtani. Alikuja amevaa suti, na mfuniko wangu umening'inia shingoni kwa kamba, juu ya tai, kama nishani. Alipita meza hadi meza akiuonyesha. Mwanzoni alingoja nimfuate. Sikumfuata. Nilicheza, nikala, nikacheza tena. Baada ya keki akaja mwenyewe.

"Mtani, mateka wako analia."

"Mwache alie."

"Hamkomboi?"

"Wa nini? Mlishe, atanyamaza."

Shangazi walisikia, wakaanza kumzomea, maana mateka asiyekombolewa ni aibu ya aliyeteka: ina maana kaiba takataka. Alizunguka, akanirudia nyuma ya jiko, sauti ameishusha.

"Basi hata kuku jike."

"Sina."

"Kifaranga! Mgogo wewe, usinifedheheshe mbele ya watu."

Nilikula nyama ya mbuzi nikimtazama. Sijawahi kufurahia sherehe namna ile.

Jumatatu, siku ambayo mtu wa vyuma chakavu angekuja, niliamka nikaenda sokoni kabla ya kazi. Nilichagua jogoo mkubwa kuliko wote, mwekundu, mwenye mkia wa kung'aa na macho ya karani wa mahakama. Nilimkagua miguu, mabawa, kilemba. Nikamlinganisha na mwingine, nikarudi kwa yule wa kwanza. Nikampelekea mtani mlangoni kwake kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Akampokea, akampima uzito, akanitazama. Furaha ikamtoka usoni, ikaja shaka.

"Mkubwa hivi?"

"Hongo ya babu yako."

"Hapana. Mgogo hatoi jogoo huyu bila sababu. Umeniwekea nini?"

"Asante, mtani," nikasema, na nikamaanisha kila herufi.

Hiyo ndiyo iliyomtia hofu kabisa. Mtani hashukuriwi.

Mfuniko ulirudi, nami niliujaribu mara moja tu, kwa sababu mimi ni mimi na nisingelala bila uhakika. Niliufunga, nikaenda, pikapu ikafa pale pale kwenye mteremko, nikaufungua, *fsss*, nikapiga makofi peke yangu barabarani. Sasa uko kwenye rafu, karibu na sinia ambalo mama amekataa kulipokea tena. Kwenye tangi kuna gunzi la mavuno ya mwaka huu. Maegesho ya Mtumba yamelizoea, na aibu yangu imebaki ndogo tu. Kijana wa sheli akiuliza aliweke wapi, namwambia anipe nilishike.

Niliyemweleza yote ni baba peke yake, jioni, tukiwa wote wawili ndani ya pikapu, mimi kwenye kiti cha abiria. Alicheka mpaka kifua kikabonyeza honi. Tukakubaliana mtani asijue kamwe.

Naye mtani hajamchinja yule jogoo. Amewaambia watu kwamba hatamla mpaka agundue nilimtolea nini, na kwa jinsi anavyonichungulia juu ya ukuta asubuhi, bado anachunguza. Kwa hiyo jogoo yupo, ananenepa, na anawika saa yoyote anayojisikia, hata jioni katikati ya mpira. Baba hupunguza sauti ya redio, huinua kidole.

"Sikiliza," huniambia. "Mfuniko wako huo."